Kobe halalamiki

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, sheha wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi wajukuu zangu mliokaa mikekani hapo mbele. Mimi nimeitwa kwa ajili ya kapu lile pale mlangoni. Mwalimu mkuu alinipigia simu wiki iliyopita akanambia, "Mwalimu, watoto wa darasa la tano wameleta kobe skuli ndani ya mikoba, na mmoja kafia chini ya dawati. Njoo uzungumze nao." Sikuja kugomba. Mimi mwenyewe nimeua kobe wawili kabla sijajua kumfuga huyu wa tatu, na mtu aliyeua wawili haoni haya tena kuwafunza wenziwe.

Neno langu la leo ni fupi, yatakayofuata yote ni kulifasiri tu: kobe halalamiki. Paka akishikwa na njaa atakuzonga miguuni mpaka umpige teke. Mbuzi akikosa maji, mtaa mzima utajua. Kobe ana njaa, amekaa. Ana kiu, amekaa. Mapafu yake yamejaa makohozi, amekaa vilevile. Sisi kwa kuwa hatusikii kitu, tunasema kobe hana shida, mtupie majani tu. Wengi mnamtaka kobe kwa sababu hiyo hasa, mmechoka na kelele za kuku. Basi jueni kuwa umekata kelele na kazi umejiongezea, maana sasa wewe ndiye utakayekuwa ulimi wake.

Wa kwanza nilimpata mwaka 1987. Nilikuwa mwalimu mpya, mjomba wangu akatoka bara na jahazi akaniletea kobe wa madoadoa, mkubwa kidogo kuliko kifuu cha nazi. Nikamtia ndani ya boksi la sabuni, jikoni, karibu na jiko la makaa asije akaona baridi. Asubuhi nampa boflo la kuloweka kwenye maziwa, mchana wali, jioni kipande cha papai. Anakula mpaka mdomo unamtapakaa, nami najisifu kwa majirani kuwa kobe wangu ana afya. Kaka yangu akachukua msumari akatoboa tundu ukingoni mwa gamba, tukapitisha mshipi wa kuvulia, tukamfunga kwenye tendegu la kitanda asipotee.

Alikaa miezi minane. Mwezi wa mwisho, ukimbonyeza gamba kwa kidole gumba lilikuwa linabonyea kama embe lililoiva. Nikadhani ndio utoto, litakaza. Asubuhi moja nikamkuta shingo imetoka nje imelala sakafuni. Hakuwahi kutoa sauti hata mara moja.

Hesabuni makosa yangu. La tundu kwanza, kwa sababu hilo bado naliona mitaani. Gamba la kobe si nyumba aliyoingia kama kaa-duko anavyoingia kwenye konokono akihama ahamie jengine. Uti wa mgongo wake na mbavu zake zimeungana na gamba kwa ndani, ni mifupa yake mwenyewe, juu yake pamevaliwa kitu kama ukucha. Lina damu, lina hisia. Ukimkuna mgongoni anajua. Kwa hiyo kumtoboa ni kumtoboa mtu mfupa naye yu macho. Na msimpake rangi, wala msimng'arishe kwa mafuta ya nazi. Najua mtanambia, kobe wale wakubwa wa kisiwani Changuu mbona wana namba za buluu migongoni? Zile wameandika watunzaji kuonyesha umri. Wewe kobe wako mmoja, utamchanganya na nani?

Kosa la pili ni boksi. Huyu kiumbe hujenga mifupa kwa jua. Katika jua mna miale isiyoonekana kwa macho, ngozi ikiipata mwili hutengeneza vitamini D, na bila ya vitamini hiyo hata umlishe kalisiamu kwa upawa haikai mifupani. Gamba huwa laini, taya huwa laini, mwisho miguu haimbebi. Miale hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo kumweka dirishani hakusaidii. Wenzetu wa Ulaya wananunua taa maalumu kwa pesa nyingi ili kobe wao wapate kile ambacho sisi kinatuunguza kichwani bure. Nami, katika kisiwa hiki, nikamfungia mtoto wa kobe jikoni.

Mtoeni nje, lakini pawe na kivuli. Kobe hatoki jasho. Kikija kiangazi cha kaskazi, saa saba mchana, kama hana pa kujificha anapikika ndani ya gamba lake. Banda la makuti ndilo bora kuliko bati, ndani yake tia mchanga na majani makavu ajifukie. Na kila upitapo umtupie jicho kuwa hajapinduka. Kobe aliyelala chali juani, saa chache zinamtosha.

Ua mfanyie wa kuta zisizoonyesha ng'ambo, matofali au mawe. Mkimzungushia wavu ataona majani ya upande wa pili, basi atasukuma hapo mchana kutwa mpaka pua imchubuke. Ukuta uzamishe chini kidogo kwa sababu anachimba. Kobe akiwa bado mdogo funika kwa juu. Kunguru wetu hawa, waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, na hawakuishia kwenye takataka. Mtoto wa kobe kwao ni kitafunio, na huanza na macho.

Sasa chakula, hapa nitakaa kidogo.

Kobe hawa wetu wa nchi kavu ni wala majani. Mchukulie kama ng'ombe mdogo. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyochachua majani polepole, siku nyingi, na vijidudu hivyo havipendi sukari. Papai na ndizi huvivuruga, anaharisha, minyoo inapata nafasi. Boflo, wali, chakula cha paka, vichwa vya dagaa, vyote hivyo msimpe. Protini ikizidi humkuza mbio, na figo zinaelemewa. Pia gamba linaota vichuguu, kila kipande kinasimama pekee kama kifuniko cha kawa. Vichuguu hivyo huletwa zaidi na ukavu, mtoto wa kobe akikosa unyevu. Watu huviona wakasema kobe wangu ana gamba zuri la mabonde. Si uzuri huo.

Chakula chake cha kila siku ni ukoka. Huu huu uliojaa kwenye viwanja, ambao mnaukata mkautupa. Muacheni aulishe mwenyewe, na hakikisheni haukupuliziwa dawa. Juu ya ukoka mbadilishieni: matembele leo, majani ya mforsadi kesho, mpungate ulioondolewa miiba keshokutwa. Huyu wangu akiuona mpungate hukimbia. Ndiyo, hukimbia, msicheke.

Mchicha je? Waliowahi kwenda Changuu wameona wageni wakiwalisha kobe majani mabichi mkononi, wakarudi nyumbani wakidhani mchicha ndio chakula cha kobe. Kidogo, mara mojamoja, hauna neno. Lakini mchicha una asidi inayoishika kalisiamu isiingie mwilini, kwa hiyo ukiwa ndio sahani yake ya kila siku unamjaza tumbo huku unamnyima mifupa. Kwa kalisiamu nendeni ufukweni. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, nduguye ngisi, unaoletwa na maji, okoteni, loweka maji baridi mpaka chumvi itoke, anika, umtupie uani. Mwenyewe atautafuna anapouhitaji. Hili nililijua baada ya miaka ishirini, nami nyumba yangu iko hatua mia kutoka baharini.

Maji ayapate kila siku, kwenye chombo bapa anachoweza kuingia na kutoka. Kobe hunywa kwa kuteremsha kichwa chote, kwa hiyo kikombe hakimfai. Mdogo muogeshe mara kadhaa kwa wiki, maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, robo saa tu. Hapo atakojoa, na pamoja na mkojo hutoka kitu cheupe kama uji wa chokaa. Si maradhi. Kikiwa laini, sawa. Kikianza kuwa na chenga kama mchanga, amekosa maji.

Na kobe si kasa! Mtoto mmoja wa hapa alinambia anampeleka baharini akaogelee. Kobe mdogo ukimtia kwenye karo la maji anazama. Kuna kisa cha kweli, Disemba 2004 kobe mkubwa wa Aldabra, visiwa vya Shelisheli, jike, alitokea ufukweni Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda, miguuni wamemuota wale wadudu wa magamba wanaoganda chini ya mashua. Inaaminika aliolea tangu kwao, kilomita 740 hivi. Yule Mungu alimuandikia, na alikuwa na mwili wa kuelea kama pipa. Wako atabaki kwenye karo.

Wa pili alikufa kwa dawa. Nilikuwa nimeshajifunza jua na majani, kobe akanenepa, mimi nikaona sasa ni fundi. Akaanza kupoteza hamu ya kula, choo chake nikaona minyoo. Bwana mmoja, simtaji, alikuwa anazunguka kuchoma sindano ng'ombe na mbuzi wa minyoo. Nikamwambia na huyu mchome. Akamchoma ile ile ya ng'ombe, ivamektini. Dawa nzuri sana, kwa ng'ombe. Kwa kobe ni sumu. Siku ya pili miguu ikalegea, kichwa hakiinuki, siku ya nne nikamzika chini ya mwembe. Bwana yule hakukusudia, na mimi ndiye niliyemshika kobe akichomwa. Kwa hiyo nakuombeni: akiugua, beba na choo chake kwenye kikopo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kabla hajafungua bomba la sindano muulize kwa adabu, "Daktari, hii si ivamektini?" Hatochukia. Akichukia, mwache achukie.

Utajuaje kuwa anaumwa na yeye hasemi? Tuna msemo wetu, ukimuona kobe kainama anatunga sheria. Mimi siku hizi nikimuona kobe kainama, namtazama pua. Mapovu puani, mdomo wazi anapohema, macho yamevimba au yamezama, shingo anainyoosha kila akivuta pumzi: hiyo si sheria anayotunga, ni kifua. Kobe hana ule msuli wa kuvutia pumzi tulio nao sisi chini ya mbavu, na hawezi kukohoa. Makohozi yakishuka hayana pa kutokea. Masika ndiyo msimu wao mbaya, mvua inapiga siku tatu mfululizo na banda limelowa. Tandikeni pakavu, palipoinuka.

Niliahidi kuwa ulimi wake, nikagundua ulimi wangu wenyewe unasahau. Nikanunua daftari. Kila Ijumaa kabla ya sala nampima kwenye mizani ile ya jikoni ya duara, siku hizi anatambaa hadi kwa jirani muuza duka maana ya kwangu ameizidi. Naandika uzito, amekula nini, choo kikoje. Uzito ukishuka wiki tatu, hata kama anatembea, najua kuna jambo. Ukurasa wa Mei mwaka juzi umeandikwa: "Ameshuka gramu mia mbili, hajagusa mpungate." Kwa macho alikuwa mzima kabisa. Daktari akamkuta na kidonda ndani ya mdomo.

Vijana mtafungua intaneti, na vizuri mfungue. Lakini tazameni aliyeandika anakaa wapi. Mjukuu wangu alinijia mbio na simu: "Bibi, wanasema Novemba kobe atiwe friji." Wanasema kweli. Kobe wa Ulaya ya kusini hulala kipindi chote cha baridi, na wafugaji wa huko wengine huwalaza ndani ya friji ili baridi isipande wala isishuke. Wa madoadoa hana usingizi huo wa baridi, wala wa Aldabra hana. Ungemtia friji ungemtoa maiti.

La karatasi nitalisema haraka ila mlishike. Kobe hanunuliwi kwenye kapu bandarini. Yule bapa kama chapati anayeishi kwenye nyufa za mawe huko bara, tangu 2019 amewekwa daraja la juu kabisa la ulinzi kimataifa, haruhusiwi kuuzwa nchi na nchi. Kabla ya kumuingiza kobe yeyote nyumbani, nenda Idara ya Misitu ukaulize. Mtanambia kobe mmoja ana nini? Tokeni ufukweni mkitazame Changuu. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alituletea zawadi kobe wanne. Kufika 1955 walikuwa mia mbili hivi. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja leo, mmoja kesho, wa kuuzwa ng'ambo na wa kuliwa, hata ilipofika 1996 wamebaki saba. Saba! Ndipo wakazungushiwa ua na kuletwa watoto wengine. Wangekuwa mbuzi mia mbili wanaibiwa, kelele zingefika Darajani. Wale walipakiwa mashuani kimya.

Mikono osheni. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, haimdhuru yeye, inamuharisha mtoto vibaya. Sabuni, kila ukimshika. Wala bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka mitano wamtazame tu. Basi hilo.

Lililobaki ndilo ninalotaka wazazi walisikie zaidi ya watoto. Kisiwani Saint Helena kuna kobe mmoja anaitwa Jonathan. Alipofikishwa huko mwaka 1882 alikuwa ameshakuwa mkubwa, wanakadiria miaka hamsini. Hapa kwetu anatawala Sayyid Barghash, na Beit al-Ajaib, lile jumba lake kubwa, bado haijajengwa. Mwaka uliofuata ikajengwa. Disemba 2020 upande wake ukaporomoka mbele ya macho yetu, na Jonathan siku hiyo alikuwa anakula majani. Si kila kobe atafika huko, ila hata huyu wa madoadoa akitunzwa hupita miaka hamsini bila taabu. Mtoto wako wa miaka kumi anapokuomba kobe, haombi mchezo wa likizo. Anaomba kitu kitakachomkuta ana wajukuu.

Huyu niliye naye nilimrithi mwaka 2009 kwa jirani yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa naye tangu hajaolewa. Alinita siku moja, kitandani, akanambia, nyumba na mikarafuu wanangu watagawana kwa sheria, lakini huyu hakuna anayemuuliza. Nikamchukua. Miaka mitatu nikamwita Mwanaidi, mpaka daktari alipomgeuza akanionyesha tumbo lilivyobonyea na mkia ulivyo mrefu, ni dume. Sasa ni Makame. Anaitikia yote mawili, yaani haitikii lolote.

Nami nimeshapita sitini. Niliwauliza wanangu mmoja mmoja nani atamchukua. Mkubwa anakaa ghorofani Michenzani, hana ua. Wa pili alicheka. Mjukuu yule wa friji hakujibu, alikwenda ndani akaleta kalamu akaandika jina lake nyuma ya daftari. Ana miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo mizani ya Ijumaa anapima yeye, mimi nasoma namba tu.

Makame yuko ndani ya kapu, na daftari liko juu yake. Anayetaka kumuona apite kwa foleni, wadogo watangulie, wala asimnyanyue juu, anaogopa. Ndoo ya maji na sabuni ziko pale nje, upande wa kushoto wa mlango.